Nani Ashuke Kufungua Geti?

Mpendwa Shangazi Rensia,

Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka chini kabla hujacheka, kwa sababu mwanzo wake utadhani naandika habari za mbwa na magari, kumbe naandika habari za kuolewa, na Jumamosi hii inayokuja natakiwa nitoe jibu.

Mimi ni mjane wa hapa Rehoboth, Namibia, wajukuu ninao, afya ninayo, jina langu Drina ingawa gazetini utanisitiri. Marehemu mume wangu Gawie alikuwa mtu mwema, hakuwahi kuninyanyulia mkono, na kila majira ya baridi alinipakia kwenye pikapu pamoja na mbwa na chungu cha chuma cha miguu mitatu tukaenda kulala kwenye mito mikavu ya kaskazini, mbali na watu, na nilizipenda safari hizo, Shangazi, nisije nikamsingizia maiti. Lakini mwenye usukani alikuwa Gawie, miaka yote, na mshukaji wa kufungua mageti ya mashamba nilikuwa mimi, na wewe unayajua mageti ya huku, hili la mnyororo, lile la waya wa kusokota, jingine limelala mpaka ulikumbatie kama mgonjwa, unafungua, gari linapita, linakupaka vumbi, unafunga, halafu unalikimbilia kule mbele maana mume hapendi kusimama penye mchanga. Sikuona vibaya. Mama alimfungulia baba, bibi alimfungulia babu aliyekuwa na mkokoteni wa punda, ndivyo tulivyo. Siku moja tu nilimwomba aniachie niendeshe mtoni akaniambia, "Drina, mchanga unataka mkono, na mkono wako wewe ni wa kukanda unga," tukacheka wote wawili, nami nikashuka kufungua geti.

Alipofariki, moyo ulisimama akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, pikapu ikakaa bandani, na mbwa hawa, Wagter mkubwa ambaye ni mzee kama mimi na Pikkie mdogo ambaye ni shetani mtupu, wakawa baridi ikianza tu wanakwenda kulala chini ya ile pikapu wakingoja safari. Mwaka wa kwanza niliwavumilia. Mwaka wa pili nikashindwa, nikapakia maji, kuni na nyama, nikawapakia na wao, na binti yangu Merlien akapiga simu kutoka Windhoek.

"Mama, unakwenda na nani?"

"Na Wagter na Pikkie."

"Mama, nauliza mtu."

"Mtu ni mimi."

Nilizama mchangani, nikachimba, nikatoka. Nikapunguza upepo wa matairi kama nilivyomwona Gawie akifanya, nikapunguza mno, nikajaza tena kwa pampu mpaka kwapa zikauma. Mageti nikafungua mwenyewe, nikapita mwenyewe, nikarudi kufunga mwenyewe, na Wagter amehamia kiti cha dereva ananitazama kama bosi anayecheleweshwa. Jioni nyama ya kondoo iko juu ya makaa, mbwa nimewafunga kamba kwa sababu ya fisi na chui, kitanda changu cha kukunja kiko katikati yao, nikajikuta naimba kwa sauti, mimi ambaye kanisani nachezesha midomo tu. Nilikuwa na furaha, Shangazi. Naona haya kuyaandika haya na mume yuko kaburini, lakini ilikuwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu usichana, na kila mwaka nimeifuata kulekule.

Sasa ndio akaja Izak. Ni mjane mwenzangu, alikuwa fundi wa pampu za maji zinazozungushwa na upepo mashambani, mtu wa taratibu kupita kiasi, ukimwuliza saa anafikiri kwanza. Ana gari lake jeupe lenye hema la kukunjua juu ya paa, na friji, na taa, na meza. Majira ya baridi yaliyopita tulifuatana, yeye na lake mimi na langu, na Pikkie aliyemng'ata mchungaji wetu kwenye kisigino alikwenda akalala juu ya kiatu cha Izak bila kuitwa. Mwaka huu baada ya Pasaka gari lake likawa kwa fundi, gia zimeharibika, basi tukaenda na pikapu yangu, na kwa kuwa gia yake ya pili ina kisirani ambacho nakijua mimi peke yangu, nikaendesha mimi. Yeye akakaa kushoto, Pikkie mapajani, na Wagter amemwekea kichwa begani kutoka nyuma akimdondoshea mate kwenye kola.

Tulipofika geti la kwanza nikaweka mkono kwenye mlango nishuke, mazoea, nikakuta yeye ameshashuka. Akafungua, nikapita, akafunga, akatikisa kuona kama limefunga kweli, akatikisa tena, akaja mdogomdogo. La pili hivyohivyo. Mpaka tunaipita Omaruru tunaelekea Uis nilikuwa nimechoka kwa kuona aibu, na kama nilivyoogopa, kwenye geti moja tukakutana na Stoffel, mzee wa kanisa letu, anatoka kuwinda na wanawe, akasimamisha gari, akamtazama Izak ameshika waya wa geti, akanitazama mimi kwenye usukani.

"Ndugu Izak, umevunjika mkono?"

"Mzima huu."

"Macho basi?"

"Nakuona vizuri tu, umenenepa."

"Sasa mbona mama ndiye dereva?"

"Kwa sababu mimi nafungua geti, Stoffel. Mtu hawezi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Pita basi, ng'ombe wa watu watatoka."

Stoffel akaondoka anacheka na wanawe wanacheka. Nikamwambia Izak, "Endesha wewe kidogo, watu wanatuona." Akasema, "Wakishaona watapita," akafunga mkanda.

Basi mimi nilikuwa nimevurugika, nataka kuonyesha kwamba dereva ni dereva, nikaingia mtoni kwa kasi bila kupunguza upepo wa matairi, kosa la mtoto mdogo, na pikapu ikakaa chini mpaka tumbo likagusa mchanga. Nikazima injini. Nikangoja nigombezwe, nilishakunja na mabega. Izak akashuka, akazunguka gari, akatazama matairi yote manne kama mtu anayenunua ng'ombe, akarudi na chupa ya kahawa na zile biskuti ngumu za kuchovya. "Tunywe kwanza," akasema, "hili halituachi hapa likaondoka." Tukanywa. Tukachimba, yeye upande wake mimi upande wangu, na Wagter akaja kutusaidia, akawa anachimba kwa miguu ya mbele na mchanga wote anaurudisha kwenye shimo la Izak, na Izak anamshukuru, "Asante mzee, asante, ongeza," nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilitoa gari mimi mwenyewe. Hakuniambia kata huku wala kanyaga, alisimama pembeni ameshika mbwa.

Jioni hiyo, tunageuza mikate juu ya makaa, akaniambia, "Drina, watu wazima wawili na magari mawili, tunachoma mafuta bure. Tuuze yote mawili, tununue moja zuri, tuoane." Nikamwuliza mbwa watalala wapi, maana Wagter na nyonga zake hawezi ngazi ya hema la juu. Akadhani natania. Akasema, "Hilo tutaona."

Shangazi, nampenda mtu huyu. Lakini tangu neno lile la gari moja nimekosa raha, najiona nimerudi kiti cha kushoto nimeshika kipini cha mlango, vumbi mdomoni, na mto wangu ule umekwisha. Na yeye hakai bure, amekwishapata gari Windhoek, mwenye gari anamwekea, Jumamosi tunakwenda kuliangalia, na amesema tukitoka huko angependa kusikia jibu langu. Sijui nimwambieje. Nimeanza kumwambia kwamba mbwa hawatazoea. Nimemwambia Wagter hutapika kwenye gari jipya, na ni uongo, Wagter hata gari la maiti angepanda akae mbele. Nimemwambia Pikkie ana wivu. Nikubali niuze pikapu pamoja na uhuru wangu, au nikatae nibaki na mbwa wangu? Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mama wa Mbwa Wawili,
Rehoboth

*

Mama wa Mbwa Wawili,

Ulinikataza kucheka, sikuweza. Nilifika kwa Wagter na shimo la Izak nikaweka barua chini.

Kwanza pole kwa msiba, hata kama ni wa zamani. Na hilo la kuona haya kwamba ulifurahi mume akiwa kaburini, liache leo. Ulimpenda alipokuwepo, ukaendelea kuishi alipoondoka. Hakuna aliyekudai zaidi ya hapo, na marehemu mwenyewe nadhani angetaka tu kujua kama gari lilipata mafuta ya injini.

Sasa nikugombeze. Mama mzima, una wajukuu, unakwenda kumsingizia mbwa mzee wa watu kwamba anatapika! Wagter hana mdomo wa kukujibu, lakini mimi ninao. Unamficha nini Izak? Mficha uchi hazai. Mtu ameomba kukuoa, na wewe unampa cheti cha daktari wa mifugo.

Nimeisoma barua yako mara mbili na kalamu mkononi, natafuta mahali Izak aliposema, "Nitaendesha mimi." Sijapaona. Nimetafuta aliposema, "Wewe utafungua mageti." Hapapo. Alichosema ni gari moja. Hayo mengine umeyasema wewe, kwa sauti ya Gawie. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Gawie hakuwa nyoka, Mungu amrehemu, lakini miaka yote ile ya vumbi imekufundisha kwamba gari likiwa moja basi la mwanaume, na mwanamke ni mfunguaji. Sikulaumu. Hata mimi nimelelewa hivyo. Mume wangu namheshimu sana, na nakuhakikishia angelala getini mpaka asubuhi kuliko kushuka alifungue mimi nikiwa nimeshika usukani. Ningempa sababu ya kuugua.

Ndiyo maana nakushangaa. Unanilalamikia kwamba mtu huyu ni wa taratibu, kwamba anatikisa geti mara mbili, kwamba ulikuwa unaona aibu. Dada yangu, umelala? Mwanaume wa huku, wa umri ule, ameshuka bila kuombwa, kwenye kila geti, akakutwa na mzee wa kanisa mwenye mdomo kama Stoffel, akajibu bila hasira, kisha akarudi kukaa kushoto na mate ya mbwa kwenye kola. Wapo waliooa kwa kinanda na maua ambao hawajawahi kufanya nusu yake. Ulipozama kwa ubishi wako mwenyewe, maana ule ulikuwa ubishi, matairi magumu mtoni kwa ajili ya kumkomoa Stoffel ambaye hata hakuwepo, alikuletea kahawa. Na alipokuona unatoka alisimama pembeni akanyamaza. Unajua ni kazi gani kwa fundi kunyamaza mtu mwingine akiwa anaendesha?

Lakini usidhani Izak nampaka mafuta. Naye ana lake. Huwezi kumtafutia mwanamke gari kabla hujamwuliza anataka gari gani, au kama anataka kabisa. Na "tutaona" si jibu la mtu aliyeulizwa mbwa mgonjwa wa nyonga atalala wapi. Mwambie nimesema. Mtu wa kufikiri kabla ya kutaja saa angeweza kufikiri na hilo.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje Jumamosi, mwite Ijumaa aje kula. Mpikie vizuri lakini usimshibishe mpaka asinzie. Kisha mwambie kwa mdomo wako, na katika maneno yako yote neno "mbwa" lisitangulie, litangulie neno "mimi". Mimi nataka kuendesha. Si siku ambayo gari lako liko kwa fundi, siku zote, mtoni na mchangani, na nikichoka nitakuomba unipokee. Mimi sitaki kulala juu ya paa wakati Wagter yuko chini, nataka tulale chini wote mpaka atakapoondoka mwenyewe, na hema hilo la juu tuwekee mablanketi. Mimi siuzi pikapu yangu mwaka huu. Hilo la mwisho liseme na ulishikilie hata akiwa malaika, kwa sababu mwanamke anayeuza gari lake kabla hajaona baridi moja ya ndoa atakuwa anaomba ruhusa hata ya kuwa na hasira, maana hana cha kuondokea. Auze lake akipenda, ndilo lenye gia mbovu. Mkishapita majira ya baridi mawili au matatu na bado mnacheka, mtalizungumza tena.

Mwambie pia ukweli kuhusu kutapika. Muombe radhi Izak, na Wagter mpe mfupa.

Atafikiri. Muache afikiri, usimjazie maneno, na usianze kuondoa sahani. Akisema hapana, mfungie chakula kilichobaki aende nacho, mshukuru kwa kahawa ya mtoni, na mto wako uko palepale na njia unaijua. Hutakuwa umepoteza kitu ulichokuwa nacho. Akisema ndiyo, mwambie na wewe ndiyo, palepale, usimngojeshe mpaka kesho kwa sababu ya maringo. Umeandika "nampenda mtu huyu" katikati ya barua ndefu kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Mwambie yeye, mimi sina kazi nayo.

Jumamosi nendeni Windhoek hata hivyo, kuangalia gari si kununua. Mwenye gari atampa Izak ufunguo, maana wote ndivyo walivyo. Wewe usinyooshe mkono wala usikohoe. Simama na mbwa wako umtazame Izak anaufanyia nini ufunguo ule. Ijumaa atakuwa amekupa maneno, na maneno yake nadhani yatakuwa mazuri, lakini nataka uone kwa macho yako. Akizunguka akakuwekea kiganjani, usianze kulia mbele ya mwenye gari. Panda, vuta kiti mbele mpaka mguu ufikie klachi, na umwambie Izak afunge mkanda.

Shangazi Rensia